Mtu wa Tatu wa Kugawa: Vijana wa Kiyahudi na Mfuko wa Sadaka

Waheshimiwa wazee, akina mama na akina baba, vijana, na wageni wetu mliosafiri kutoka Mbale na kutoka Nyandarua, shalom, na habari za jioni.

Nawashukuru kwa kuniruhusu nizungumze kwa Kiswahili. Nimeishi Massachusetts kwa zaidi ya miaka ishirini, na mambo nitakayoyasema leo nimeyasema huko kwa Kiingereza mara nyingi. Lakini lipo neno moja ambalo kwa Kiingereza halinitoshelezi, na nikilitamka kwa Kiswahili hukaa mahali pake. Neno hilo ni sadaka. Kwa Kiebrania tunasema tsedaka, na sikio la Mswahili halihitaji mwalimu ili kutambua kwamba maneno haya mawili ni ndugu. Kiswahili kilipokea lake kutoka kwa Kiarabu, ambako mzizi wake ni ukweli, na Kiebrania kina lake ambalo mzizi wake ni haki. Myahudi anayetoa tsedaka hahesabiwi kuwa amefanya ukarimu. Amemfikishia mtu haki yake, kama mkulima wa Torati aliyeamriwa katika Mambo ya Walawi asivune pembe za shamba lake, kwa sababu pembe zile ni za maskini na mgeni.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo jumuiya za Kiyahudi za Marekani zimejiuliza kwa muda mrefu, nalo ni hili: vijana wataingizwaje katika maisha ya jumuiya na katika kazi ya utoaji, wakati wengi wao hawaji sinagogi na hawajui hata jina la shirika ambalo babu zao walilichangia kila mwaka? Nitaeleza hali ilivyo huko, kisha nitasema ninachokiamini, nami ninakiamini kwa sababu nilikosea kwanza.

Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya Pew ilihesabu Wayahudi wa Marekani wapatao milioni 7.5, wakubwa kwa watoto. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 18 hadi 29, wanne kati ya kumi walisema kwamba wao ni Wayahudi kwa ukoo au kwa utamaduni, lakini hawana dini. Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi waliosema hivyo walikuwa asilimia 16. Watu wengi huishia kwenye takwimu hiyo na kuanza kulia. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini kwa ukali, ni asilimia 17 ya vijana hao, ilhali kwa wazee ni asilimia 3 tu. Kwa hiyo anayesema kwamba vijana wote wanaikimbia dini hasemi kweli. Kinachopungua ni ule umati wa katikati, watu waliokuwa wanachama kwa sababu kila jirani alikuwa mwanachama, na ni umati huo hasa uliojenga mashirika makubwa ya hisani tunayoyaona leo.

Mashirika hayo yalijengwaje? Mwaka 1895 vyama vya hisani vya Kiyahudi mjini Boston vilichoka kugongana kwenye milango ya watoaji walewale, vikaunda shirikisho moja la kuchangisha kwa niaba ya vyote na kugawa baadaye. Miji mingine ikafuata. Agosti 1914, balozi wa Marekani katika dola ya Uthmaniya, Henry Morgenthau, alipeleka telegramu New York akiomba dola 50,000 kwa ajili ya Wayahudi wa Palestina ambao vita vilikuwa vimewakatia riziki. Fedha zikapatikana, na kutokana na ombi lile likazaliwa shirika la misaada la Joint, ambalo linafanya kazi hadi leo. Januari 1939, wiki chache tu baada ya usiku ule wa Novemba ambapo masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto, mashirika ya Marekani yaliunganisha michango yao katika mfuko mmoja wa taifa. Kizazi kile hakikuhitaji kuvutwa. Kila barua iliyofika kutoka Warsaw au Vilna ilikuwa na jina la shangazi au binamu, na mkono wa anayechanga ulijua unakwenda kumwokoa nani.

Wajukuu wa kizazi kile wamekulia mahali pengine kabisa, katika nchi ambayo vyuo vikuu vyake, hospitali zake na klabu zake hazikuwafungia tena milango kama zilivyowafungia babu zao. Wanaitwa watoe, na sababu wanayopewa ni kwamba babu alitoa. Hiyo si sababu ya kudharauliwa, lakini haimtoshi kijana anayelipa mkopo wa chuo na kodi ya nyumba, na ambaye simu yake humletea maombi ya msaada kutoka pande zote za dunia kabla hajanywa chai.

Mwaka 1990 uchunguzi mmoja wa kitaifa ulitangaza kwamba zaidi ya nusu ya Wayahudi waliooa na kuolewa katika miaka ya karibuni walikuwa na wenzi wasio Wayahudi. Wataalamu walibishana juu ya namna hesabu ile ilivyofanywa, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia, na hofu ikafungua mikoba. Tunda lake kubwa zaidi ni Birthright Israel, mpango ulioasisiwa na matajiri wawili, Charles Bronfman na Michael Steinhardt, ambao tangu mwishoni mwa 1999 umewapeleka Israeli mamia ya maelfu ya vijana kwa safari ya siku kumi bila kulipa nauli. Sitaubeza mpango huo. Nimewaona vijana waliorudi kutoka safari ile wakiwa na marafiki wa kudumu na maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis waliowafuatilia kwa miaka mingi wameonyesha kwamba wengi wao hukaa karibu zaidi na jumuiya kuliko wenzao walioomba nafasi wakakosa.

Lakini sisi Waswahili tuna msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nao unanisumbua kila ninapoufikiria mpango huo na mingine iliyoufuata. Mgeni hapewi jembe kwa sababu amechosha wenyeji. Hupewa kwa sababu kuanzia siku hiyo chakula cha nyumba ile ni jukumu lake pia, na mwenye jukumu la chakula amekuwa mtu wa nyumbani. Kijana wa Kiyahudi wa Marekani amekaribishwa kwa heshima zote; amelipiwa ndege, amelipiwa karamu ya Sabato, amepewa fulana na kofia. Jembe limebaki stoo. Kisha anapofika miaka thelathini anapelekewa bahasha ya mchango, aitie fedha sufuria ambayo mwiko wake haushiki.

Vijana wenyewe walilisema hili zamani. Novemba 1969 mkutano mkuu wa mashirikisho ya Kiyahudi ulifanyika Boston, na wanafunzi wa vyuo walifika kupinga namna fedha zilivyogawanywa. Viongozi walikubali kumpa nafasi jukwaani mmoja wao, Hillel Levine. Madai yao yalinishangaza nilipoyasoma mara ya kwanza, maana nilitarajia vijana wa mwaka ule wadai uhuru wa kuacha mila. Walidai kinyume chake: fedha zaidi ziende kwenye elimu ya Kiyahudi, kwenye utamaduni, kwenye vyuo, badala ya kumiminwa katika hospitali na majengo ambayo hayakuwa na upungufu wa wafadhili. Waliambiwa wamesikika, na baada ya miaka mitatu ikaundwa taasisi ya kushughulikia maombi yao, nayo haikudumu. Wengi wao walikuwa tayari wamekwisha kwenda kuanzisha vikundi vyao vidogo vya sala na masomo, kama kile cha Havurat Shalom kilichoanza 1968 jirani na Boston hapohapo, ambamo hapakuwa na rabi wa kulipwa wala safu ya mbele ya wafadhili.

Sasa niwarudishe nyuma zaidi, kwa sababu jibu ninaloliamini halikuvumbuliwa Marekani. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika takriban mwaka 200, imeandikwa kwamba mfuko wa sadaka wa mji unakusanywa na watu wawili na kugawanywa na watu watatu. Wawili wakusanye, kwa sababu mamlaka juu ya jumuiya hayashikwi na mtu mmoja. Lakini kwa nini watatu kwa kugawa? Marabi wa Talmudi, kitabu cha mijadala juu ya Mishna, walieleza kwamba kugawa ni kama hukumu ya mali, na hukumu ya mali haikatwi na watu chini ya watatu. Nawaomba mtazame uzito wa maelezo hayo. Kuchangisha ni kazi ya kutembea na mfuko. Kugawa ni kukaa kitini kama hakimu, kusikiliza haki ya huyu na haki ya yule, na kubeba lawama ya uamuzi. Katika jumuiya zetu vijana tumewapa kazi ya kukusanya, na mara nyingine hata hiyo hatukuwapa, tukawapa kupanga viti.

Tena sheria ileile inasema kwamba hata maskini anayekula kutokana na mfuko wa sadaka analazimika kutoa sadaka katika kile alichopewa. Musa bin Maimuni, aliyeandika sheria hizo kwa mpangilio akiwa Misri katika karne ya 12, aliikariri bila kuilegeza. Mtu anaweza kuiona kuwa sheria kali, lakini mimi naiona kuwa ya heshima, kwa sababu inakataa kumwacha mtu yeyote upande wa kupokea tu. Kama maskini hasamehewi utoaji, basi mwanafunzi asiye na mshahara hawezi kuambiwa asubiri mpaka atajirike ndipo awe mtoaji.

Iko mipango ya Marekani iliyolielewa jambo hili, nayo haina kelele kama ile mikubwa. Upo ule wa watoto wa bar-mitzva, yaani waliofika umri wa kubeba amri za Torati. Mtoto hutenga sehemu ya zawadi alizopewa siku hiyo, mfadhili humwongezea, na fedha hizo hufunguliwa kama wakfu mdogo wenye jina la mtoto. Kila mwaka faida ikipatikana, yeye ndiye anayeamua iende wapi, na anatakiwa aeleze sababu. Katika miji kadhaa, Denver ukiwa mmojawapo, vijana wa sekondari hukaa mwaka mzima kama bodi ndogo ya wakfu, wakisoma maombi, wakiwatembelea waombaji, wakibishana mpaka wakubaliane, kisha wakitoa fedha za kweli. Anayewahi kuketi katika kikao cha namna hiyo, akalazimika kuchagua kati ya nyumba ya wazee na chakula cha shule, hatoki vilevile alivyoingia.

Moishe House nayo ilianza Oakland, California, mwaka 2006. Vijana wachache wa miaka ya ishirini hukaa nyumba moja, hupunguziwa kodi, na wajibu wao ni kuifungua nyumba hiyo kwa wenzao mara kadhaa kila mwezi, kwa mlo wa Sabato, kwa darasa, kwa kazi ya kujitolea. Hakuna anayetumwa kutoka ofisini kuja kuwapikia. Mpango ulioanza na nyumba moja umeenea nchi nyingi, na naamini siri yake ni kwamba mwenyeji ni kijana, na mwenyeji ndiye anayehesabu sahani.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote sikuupata Amerika. Ndugu zetu wa Mbale, Uganda, mnaujua vizuri zaidi yangu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliifuata Torati mwaka 1919, na waliomfuata wakaitwa Abayudaya. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, masinagogi yakafungwa, watu wengi wakasilimu au wakabatizwa, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamesalia mia chache tu kati ya maelfu. Walioinua tena jumuiya ile, pamoja na wazee waliokuwa wameificha imani majumbani, walikuwa vijana. Miaka ya 1980 kundi lao lilikaa pamoja katika kilima cha Nabugoye, wakaita makao yao kibutsi, yaani kijiji cha kuishi na kulima kwa pamoja kama vile vya Israeli, wakalima, wakajifunza, wakatunga nyimbo za zaburi kwa lugha zao. Hawakuanza kwa kusubiri mfadhili wa ng'ambo. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda baadaye kusoma Los Angeles, akawekewa mikono kuwa rabi mwaka 2008 na kurudi nyumbani. Fedha za Wayahudi wa Marekani zilipofika, zilimkuta mtu anayejua za nini. Na kituo cha afya kilichofunguliwa Mbale mwaka 2010 kwa fedha hizo humtibu Mwislamu, Mkristo na Myahudi kwa foleni moja.

Nilisema nilikosea. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mweka hazina wa mfuko wa sadaka wa sinagogi moja dogo. Jumamosi moja baada ya chakula, binti wa miaka kumi na tisa alinijia akaniuliza mambo matatu: mfuko una kiasi gani, nani huamua, na mwaka uliopita fedha zilikwenda wapi. Nilimjibu kwa upole kwamba mambo hayo yana kamati yake. Alinishukuru, akaenda zake. Miezi michache baadaye nilisikia kwamba yeye na wenzake wanne wamechangisha maelfu ya dola kuzuia familia za mtaani kwao zisitolewe nyumba kwa kukosa kodi. Hamu ya kutoa alikuwa nayo tele. Mimi ndiye niliyemnyima mahali pa kutolea kwetu. Kosa lile silisingizii utaratibu, kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwangu, na kulifungua kungenichukua dakika tano.

Nilimwendea, nikamwomba radhi, kisha nikaiomba kamati tufanye mambo mawili: hesabu za mfuko zisomwe hadharani mara mbili kwa mwaka, na mmoja kati ya wagawaji watatu awe mtu wa chini ya miaka thelathini, mwenye kura sawa na wengine wawili. Ilichukua mwaka mzima kukubaliwa. Hoja nzito dhidi yake haikuwa kwamba vijana watapoteza fedha. Ilikuwa kwamba watazipeleka nje, kwa watu wasio wetu, wakati ambapo sisi wenyewe tunachukiwa.

Hoja hiyo nisingependa mtu aipuuze. Oktoba 2018 watu 11 waliuawa wakiwa katika sala sinagogini Pittsburgh, na muuaji alikuwa ametaja kwa chuki shirika la HIAS, lililoanzishwa kuwapokea Wayahudi waliokimbia Urusi na ambalo leo linahudumia wakimbizi wa mataifa mengine, pamoja na wale wa hapahapa Nairobi. Baada ya shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la Oktoba 7, 2023, mashirikisho ya Marekani yalichangisha mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya Israeli, na vijana wengi ambao hawakuwahi kuonekana walikuja wakitafuta wenzao. Wengine walisimama nje ya majengo yaleyale wakilia juu ya Gaza na kudai wasikilizwe. Wote wawili ni watoto wa nyumba moja. Jumuiya inayomwambia mmoja wao anyamaze kwanza ndipo apewe kiti, inamwambia atafute nyumba nyingine, naye ataipata.

Kuhusu kutoa nje, yupo mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2005 wakili wa New York aliyezaliwa Afrika Kusini, Anne Heyman, alisikia mhadhara juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na wingi wa yatima walioachwa. Alikumbuka kwamba Israeli ilikuwa imejenga vijiji vya vijana kuwalea yatima wa Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, kama Yemin Orde cha mwaka 1953, akakusanya fedha, na Desemba 2008 kijiji cha Agahozo-Shalom kikafunguliwa Rwamagana. Jina lake limeunganisha Kinyarwanda cha kufutwa machozi na Kiebrania cha amani. Heyman alifariki mwaka 2014, kijiji kipo. Vijana wa Kiyahudi waliokwenda kujitolea pale hawakuuacha Uyahudi wao uwanja wa ndege.

Katika kikao chetu cha kwanza cha wagawaji watatu, binti yule alileta ombi la familia ya Kikongo iliyokuwa imefika karibuni na kupungukiwa kodi ya miezi miwili. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa kuwa mama wa familia ile alizungumza Kiswahili. Mzee mmoja mchangaji, aliyekuwa ametoa kila mwaka kwa miaka thelathini, alikuja akataja kanuni ya marabi: maskini wa mji wako hutangulia. Binti akataja nyingine: maskini wasio Wayahudi hulishwa pamoja na maskini wa Israeli, kwa ajili ya njia za amani. Halafu akasema kwamba familia ile inakaa mitaa miwili kutoka sinagogini, na akamwuliza mzee mji unaishia wapi. Hakuuliza kwa ujeuri. Kura zilikuwa mbili kwa moja, na kodi ililipwa.

Mzee yule aliacha kuchangia. Katika miaka miwili iliyofuata wachangaji wapya kumi na mmoja walijiandikisha, wengi wao kwa dola tano au kumi kwa mwezi, na jumla yao haijafikia alichokuwa akitoa yeye peke yake. Binti bado ni mgawaji, na muhula wake unaisha mwakani. Mzee hajarudi kwenye mfuko. Kila Ijumaa kabla jua halijazama mimi humpigia simu kumtakia Sabato njema, naye hupokea, na kila mara, kabla hatujaagana, huniuliza kama ile familia imepata kazi.